Kisu cha Kijapani ni Wembamba Wake

Ukitaka kuchagua kisu cha Kijapani, usianze na bapa linalong'aa. Kigeuze ukitazame kutokea kwenye kisigino, pale makali yanapoishia karibu na mpini. Mgongo utakuwa na unene wa milimita mbili hivi, au zaidi kidogo. Ukishusha macho utaona chuma kinapungua, kinazidi kupungua, na juu tu ya makali kimekuwa chembamba kiasi kwamba jicho linapata taabu kujua kinaishia wapi. Hapo ndipo penye ubora. Jina la chuma, michirizi ya mapambo, mpini wa mti adimu na sanduku la kifahari vinakuja baadaye, na vingine havina kazi kabisa jikoni.

Nalisema hili mapema kwa sababu karibu kila anayeniuliza kuhusu visu hivi anaanza na chuma: kipi ni kigumu zaidi, kipi kinakaa na makali muda mrefu. Ni swali halali na nitalifikia. Lakini chuma bora kikiachwa kinene hukata vibaya, na chuma cha kawaida kikisagwa kikawa chembamba hukata vizuri ajabu. Nimetumia vya namna zote mbili, na ningeambiwa nichague kimoja nisingesita.

Karoti inamaliza ubishi huu. Chukua iliyo nene na ngumu, uikate kwa kisu kinene kilichonolewa leo hii. Kitaingia vizuri hadi katikati, kisha utasikia mlio mkavu na kipande kitaruka. Karoti hiyo haikukatwa, imepasuliwa. Makali yalifanya kazi mwanzoni tu. Baada ya hapo unene wa bapa uliisukuma karoti pande mbili mpaka ikachanika yenyewe. Kitazame kipande: nusu ya uso wake ni laini, nusu nyingine ina mikwaruzo na ufa. Sasa kata kwa kisu chembamba. Kinashuka bila mlio mpaka kwenye ubao, na uso wote unabaki laini wenye unyevu. Nguvu ya mkono ni ndogo, kwa hiyo kisu hakitelezi, na vidole vinakuwa salama zaidi.

Kitunguu nacho kinaonyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Gesi inayotoa machozi hutokea pale seli za kitunguu zinapovunjwa na vitu vilivyokuwa vimetengana ndani yake vikachanganyika. Kisu butu na kinene hukandamiza seli nyingi pembeni mwa mkato. Kilicho chembamba na kikali hupasua zile tu zilizo kwenye njia yake. Macho hayaponi kabisa, lakini tofauti unaihisi.

Kwa nini basi kila kisu kisitengenezwe hivyo? Kwa sababu wembamba unadai ugumu. Makali membamba ya chuma laini hujikunja mara tu yanapogusa ubao. Visu vingi vya jikoni vya Ulaya vina ugumu wa kati ya 55 na 58 kwa kipimo cha Rockwell, na hunolewa kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande. Vya Kijapani huanzia 60 hivi, vingine hufika 64 au zaidi, na hunolewa kwa nyuzi 15, hata 10. Chuma kigumu kinaweza kusimama katika pembe kali namna hiyo bila kulala.

Lakini ugumu una gharama yake. Chuma laini kikigonga mfupa hujikunja, na unaweza kukinyoosha. Kigumu hakijikunji, humeguka, na kipande kikishatoka hakirudi; itabidi kusaga makali yote mpaka ufikie kina cha pengo. Karibu kila sharti la utunzaji wa kisu hiki linatoka hapo, na ndiyo maana mimi huona kwamba kuchagua na kutunza ni jambo moja. Unaponunua kisu cha namna hii umeshakubali namna fulani ya kukata, ya kuosha na ya kunoa. Asiyetaka kubadili mkono wake ana haki ya kununua kisu cha Kijerumani kilicho imara na kukifurahia miaka mingi.

Japani imefika hapa kwa njia ndefu. Sakai, mji ulio kusini tu mwa Osaka, ni maarufu kwa visu tangu tumbaku ilipoingia nchini kwa mkono wa Wareno katika karne ya 16. Majani ya tumbaku yalihitaji kukatwa nyuzinyuzi, wahunzi wa Sakai wakafua visu vya kazi hiyo, na baadaye utawala wa ukoo wa Tokugawa, uliokuwa ukiiongoza Japani, ukavipa muhuri wake wa ubora. Seki, katika mkoa wa Gifu, ilikuwa na wafua panga tangu enzi za kati. Mwaka 1876 serikali ya mfalme Meiji ilipopiga marufuku watu kubeba panga hadharani, wahunzi wengi waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo walilazimika kutafuta riziki kwenye zana nyingine, visu vya jikoni vikiwemo. Echizen, mkoani Fukui, ilijulikana kwa mundu na zana za shamba. Sanjo, mkoani Niigata, ilianza na misumari. Miji hii bado inafua visu, na kila mmoja una mkono wake: cha Sanjo mara nyingi utakikuta na mgongo mnene kisiginoni unaopungua sana kuelekea ncha, cha Seki kimetoka kiwandani na vipimo vyake havibadiliki.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi Sakai walivyogawana kazi. Mhunzi hufua chuma, hukipasha moto na kukipoza ghafla ili kiwe kigumu. Kisha kisu huenda kwa fundi mwingine kabisa, mnoaji, ambaye kazi yake ya maisha ni kukisaga kwenye mawe makubwa yanayozunguka mpaka kipate umbo. Wa tatu hutia mpini. Jina linalochongwa kwenye bapa mara nyingi ni la duka au la mhunzi, na mnoaji hatajwi, ingawa ndiye aliyeamua unene utakaouhisi kila siku. Wauzaji makini siku hizi wameanza kumtaja pia, na mimi hukiamini zaidi kisu ambacho najua nani alikifua na nani alikinoa.

Tuje kwenye umbo. Kwa mtu anayetaka kisu kimoja cha kufanyia karibu kila kitu, chaguo ni kati ya gyuto na santoku. Gyuto ilizaliwa katika enzi za Meiji, Wajapani walipoanza kula nyama ya ng'ombe na kupokea visu vya Kifaransa. Ina ncha kali na makali yenye mpindo mdogo, na urefu wake wa kawaida ni sentimita 21 au 24. Santoku ni ya katikati ya karne ya 20, ilibuniwa kwa ajili ya jikoni za nyumbani: fupi, sentimita 16 hadi 18, pana kidogo, ncha yake imeinama. Mwenye ubao mdogo na mikono isiyozoea kisu kirefu atafurahia santoku. Mimi napenda gyuto ya sentimita 21, kwa sababu urefu unaniruhusu kukata kwa mwendo mmoja mrefu badala ya kukandamiza, na ncha yake inaingia pale santoku haifiki. Kabichi nzima inakatika bila kugeuzwageuzwa.

Aina iitwayo nakiri, yenye bapa la mstatili na makali yaliyonyooka, ni ya mboga tu, na kwa mboga haina mpinzani. Ubapa wake mpana ukishainua mboga kutoka kwenye ubao hadi sufuriani, utashangaa uliishije bila hiyo. Kisha kuna peti, kisu kidogo cha sentimita 12 hadi 15, kwa matunda, vitunguu saumu na vitu vidogovidogo. Gyuto na peti zinatosha. Seti za visu saba kwenye kigogo cha mbao chenye matundu sizipendekezi kwa mtu yeyote: pesa hizohizo zikiwekwa kwenye kisu kimoja kizuri na jiwe moja zuri la kunolea zinaleta faida kubwa zaidi.

Zipo pia familia za visu vinavyonolewa upande mmoja tu: yanagiba ndefu ya kukatia samaki mbichi, deba nene ya kuchinjulia samaki, usuba ya mboga. Nyuma ya bapa lake pamechimbwa kidogo, pana mbonyeo mwepesi, ili chakula kisigande na ili mnoaji aguse jiwe kwa ukingo mwembamba tu. Ni visu vya ajabu mikononi mwa anayevijua. Lakini kwa sababu makali yako upande mmoja, kisu huvuta pembeni unapokata kitu kinene, na anayetumia mkono wa kushoto anahitaji kilichotengenezwa kwa ajili yake, ambacho ni adimu na ghali zaidi. Usianze na hivi.

Sasa chuma. Mgawanyiko mkubwa ni kati ya chuma cha kaboni, kinachoshika kutu, na kile kisichoshika kutu. Katika vya kaboni, vinavyotajwa zaidi ni shirogami na aogami, vinavyotengenezwa Yasugi, mkoani Shimane, eneo lenye historia ndefu ya kuyeyusha chuma kutoka kwenye mchanga. Majina hayo mawili yametokana na rangi ya karatasi, nyeupe na bluu, ambayo mtengenezaji huitumia kuvitofautisha. Shirogami ni safi kabisa, chuma na kaboni bila nyongeza za maana. Kaboni yake ni asilimia 1 na ushei. Kunoa shirogami ni raha tupu: jiwe linakishika mara moja, na makali yanakuja haraka na yanakuwa makali kweli. Aogami kimeongezwa kromiamu na tungsteni, kwa hiyo kinakaa na makali muda mrefu zaidi na kinahitaji subira kidogo zaidi jiweni.

Katika visivyoshika kutu, kinachojulikana zaidi ni VG-10, kutoka kampuni ya Takefu Special Steel ya Echizen, chenye kaboni asilimia 1 hivi, kromiamu asilimia 15 na kobalti kidogo. Kinafaa, kinapatikana kila mahali, ila kikinolewa unywele wake wa chuma, yaani ule ukingo mwembamba unaojitokeza kwenye makali wakati wa kunoa, hung'ang'ania na lazima uuondoe kwa uangalifu. Ginsan nakipenda zaidi, kwa sababu jiweni kinafanana na chuma cha kaboni. Vipo pia vya unga uliogandamizwa, kama SG2, vigumu sana na vyenye makali ya kudumu. Kwa mtu ambaye bado hajajifunza kunoa sivishauri, kwa kuwa siku vikiisha makali vitamchosha.

Anayeishi na watu wengine wanaotumia kisu hichohicho achukue kisichoshika kutu. Naliona hilo kuwa kubwa kuliko tofauti zote za maabara. Chuma cha kaboni kinataka mtu mmoja anayekikumbuka.

Ile michirizi mizuri kama mawimbi ya maji, inayouzwa kwa jina la Damasko, haiongezi ukali hata chembe. Kisu cha namna hiyo kina kiini cha chuma kigumu katikati, na pande zake mbili zimevikwa tabaka za chuma laini zilizokunjwa pamoja. Kinachokata ni kiini peke yake. Kukivika chuma laini ni ufundi wenye maana, maana unakinga kiini kigumu kisivunjike na unarahisisha kusaga, lakini vazi la tabaka moja lisilo na pambo linafanya kazi hiyo vilevile. Kama mapambo yanakufurahisha, nunua, mradi ulipie ukijua unalipia nini.

Mpini hauhitaji maneno mengi. Wa Kijapani wa jadi ni mwepesi, wa mti wa magnolia, wenye pande nane au umbo la yai, na noleo lake, yaani pete ya pale bapa linapoingia mpinini, ni la pembe ya nyati; mkia wa kisu huchomwa motoni na kusukumwa ndani, hivyo ukichakaa unaweza kung'olewa na kuwekwa mwingine. Wa Kimagharibi una misumari mitatu na uzito zaidi nyuma. Vyote viwili ni vizuri. Kishike kwa kubana bapa kati ya kidole gumba na cha shahada, mbele ya mpini, na hapo utaona kuwa mpini wenyewe unaugusa kidogo sana.

Kisu kimefika nyumbani. Kitu cha kwanza ni ubao. Kioo, marumaru, sahani na chuma ni mwiko, havigusi makali haya hata mara moja. Mwanzi pia ni mgumu kuliko watu wanavyodhani. Mbao laini kiasi, kama hinoki wanayoitumia Wajapani wenyewe, au mpira wa kukatia ulio mlaini, ndio mahali pake. Ukimaliza kukata, usikusanye mboga kwa kuburuza makali juu ya ubao. Geuza kisu utumie mgongo. Tendo hilo dogo la kuburuza linalaza makali kuliko kukata kwenyewe.

Kata kwa kusukuma mbele huku unashusha, au kuvuta nyuma huku unashusha. Kisu hiki hakipendi kuzungushwa. Kikiwa kimezama ndani ya boga gumu ukakipinda pembeni ili kulipasua, makali membamba yatameguka, na hayatakuwa na kosa lolote. Mifupa, vitu vilivyoganda kwenye friji, maganda magumu, mbegu za parachichi, kokwa za embe: tafuta kisu kingine, kizito na cha bei ndogo, kiwe cha kazi hizo. Kuwa na kisu cha shuruba pembeni ndiyo kinga bora ya kisu kizuri.

Kuosha ni jambo la sekunde chache: maji, sabuni, upande laini wa sponji, kutoka mgongoni kuelekea makali, kisha kitambaa kikavu papo hapo. Kisiachwe ndani ya beseni pamoja na vyombo vingine. Mashine ya kuoshea vyombo inakiharibu kwa njia nyingi kwa pamoja: joto linapasua mpini, sabuni yake kali inakula chuma, na mtikisiko unayagonga makali kwenye vyuma vya pembeni. Hata kile kisichoshika kutu kisiingie humo.

Chuma cha kaboni kitabadilika rangi. Kitunguu cha kwanza kitakiachia doa la kijivu, nyama itakiachia bluu na zambarau, na baada ya wiki kadhaa bapa lote litakuwa na utando wa rangi nyingi. Utando huo ni mzuri, uache. Ni tabaka jembamba linalopunguza kasi ya kutu, na kadiri linavyokomaa ndivyo kisu kinavyotulia na kuacha kuvipa vyakula ladha ya chuma. Kinachopaswa kukushtua ni rangi ya chungwa au nyekundu, hiyo ni kutu inayokula. Ifute mapema kwa soda ya kuokea iliyochanganywa na maji kidogo, au kwa kifutio cha kutu kinachouzwa kwa kazi hiyo, osha, kausha. Ukikata ndimu, nyanya au nanasi, futa kisu katikati ya kazi, usingoje umalize. Kikikaa muda bila kutumiwa, kipake mafuta ya kamelia, tone moja kwenye kitambaa. Mafuta ya kupikia huganda yakawa utomvu, na mengine huvunda.

Kuhifadhi: ala ya mbao, au kipande cha sumaku ukutani kilichovikwa mbao. Kwenye sumaku tanguliza mgongo kisha ulaze bapa. Ukiondoa, nyanyua kwa kuuegemea mgongo. Kwenye droo pamoja na vijiko hakuna kisu kinachopona.

Nimefika kwenye jiwe, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa bila jiwe yote niliyosema juu ya wembamba yana maisha ya miezi michache tu. Vile vifaa vya kuvutia kisu katikati ya magurudumu mawili havifai. Vinachuna chuma kigumu na kukiacha na vipengo vidogo. Fimbo ya chuma yenye mifereji nayo ni ya visu laini. Ya kauri, laini, ikitumiwa kwa mkono mwepesi, inaweza kukurefushia siku kadhaa, lakini haichukui nafasi ya jiwe.

Jiwe moja la namba 1000 linatosha kuanzia. Namba ikiwa ndogo jiwe ni la kukwaruza: 400 au chini ya hapo ni la kuondoa mapengo na kupunguza unene, 1000 la kunoa, 3000 hadi 6000 la kulainisha. Mengine hulowekwa majini mpaka yaache kutoa mapovu, mengine hunyunyiziwa maji tu. Soma maelekezo ya lako, kwa sababu lisilotakiwa kulowekwa likilowekwa linaweza kupasuka. Weka kitambaa chenye unyevu chini yake lisisogee.

Pembe ndiyo inayotia watu hofu, lakini inapimika. Kisu chenye upana wa milimita 45 ukikilaza jiweni na kuinua mgongo milimita 12, umepata nyuzi 15 hivi. Tafuta kitu chochote chenye unene huo, kiweke chini ya mgongo mara moja, mkono ukariri, kisha kitoe. Chukua kalamu ya wino mzito upake ukingo wa makali pande zote mbili. Piga mikono michache jiweni, kisha utazame: wino ukiondoka juu tu na kubaki kwenye makali yenyewe, mgongo umeushusha mno, ukiondoka kwenye ncha ya makali peke yake, umeuinua mno. Wino haudanganyi, na unafundisha kwa nusu saa kile ambacho maelezo marefu hayafundishi.

Sukuma na kuvuta, vidole viwili au vitatu vikiwa vimekandamiza bapa juu ya sehemu inayonolewa, ukisogea polepole kutoka kisigino hadi ncha. Tope la kijivu litajikusanya. Usilisuuze, lenyewe linasaidia kusaga. Baada ya muda pitisha ubavu wa kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, upande wa pili wa ule uliokuwa ukigusa jiwe, na usipitishe kamwe ukifuata urefu wa makali. Utahisi kitu kinakwama kwenye ngozi, unywele mwembamba wa chuma uliosukumwa ng'ambo. Wajapani huuita kaeri. Ukiuhisi kuanzia kisigino mpaka ncha bila kukatika, jiwe limefika kwenye makali yenyewe, na upande huo umekwisha. Usipouhisi sehemu fulani, hujafika hapo, rudi. Hakuna kipimo kingine cha kuaminika, wala idadi ya mikono haisemi lolote.

Geuza, fanya upande wa pili mpaka unywele urudi ulikotoka. Kisha punguza nguvu. Mikono michache upande huu, michache ule, kila mara mwepesi zaidi, mpaka mwisho uzito wa kisu wenyewe ndio unaogusa jiwe. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi huikatisha, na ndipo kisu kinapoonekana kikali leo na kuwa butu kesho kutwa: ulikuwa ukikata kwa unywele, nao umevunjika. Ukiwa na jiwe la 3000 au 4000, rudia humo mikono michache. Kwa jikoni ya nyumbani mimi huishia hapo. Makali yaliyolainishwa mno huteleza juu ya ganda la nyanya, wakati yenye ukwaruzo mdogo huliuma mara moja.

Jiwe nalo hulika, na hulika katikati. Lichore gridi kwa penseli, lisugue kwenye sahani ya almasi au kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo kilichonyooka, mpaka mistari yote ifutike. Jiwe lililobonyea halishiki pembe, hata mkono uwe wa fundi.

Lipo jambo ambalo wanaofundisha kunoa mara nyingi hawalifikii. Kila unaponoa, makali yanapanda juu kidogo, na juu ndiko kwenye unene. Baada ya mwaka au miwili ya kunoa vizuri kabisa, kisu kinakata karatasi bila taabu lakini kwenye karoti kinaanza kutoa ule mlio. Si butu, kimekuwa kinene. Hapo kulainisha makali zaidi hakusaidii kitu. Kinachotakiwa ni kupunguza bapa lililo juu ya makali. Laza kisu karibu sawasawa na jiwe la 400, mgongo ukiinuka kidogo mno, nyuzi tatu au nne tu, sukuma nguvu kwenye sehemu ya sentimita moja juu ya makali, na uende taratibu upande mmoja kisha mwingine kwa mizani. Pima mara kwa mara kwa kutazama kutokea kwenye kisigino. Ni kazi ya saa nzima au zaidi, na bapa litapata mikwaruzo. Mapambo ya Damasko yatafifia hapo, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoyalipia sana. Ukimaliza, pitisha jiwe la 1000 juu ya sehemu uliyosaga, kisha tengeneza makali upya kwa pembe yako ya kawaida.

Ukiona kazi hiyo inakuzidi, mpelekee mnoaji anayetumia mawe ya maji, na kabla ya kumkabidhi mwulize jambo moja: kama anapunguza unene au ananoa ukingo tu. Anayesaga kwenye gurudumu kavu linalotoa cheche usimpe, kwani joto linaharibu ugumu wa makali papo hapo na hakuna jiwe litakaloweza kuurudisha. Kisu kikitunzwa kwa njia hii, kila mwaka kikipunguzwa kidogo badala ya kusubiri kiwe kama shoka, kitakuwa kinapungua upana milimita kwa milimita, na bado kitaendelea kukata kwa miongo mingi.